Game of Thrones sehemu ya mwisho: ubovu uko kwenye mwisho wenyewe au kwenye njia?

Kiti_Kilichoyeyuka

Habari zenu wakuu. Tahadhari mapema: uzi huu unataja mwisho wote wa tamthilia ya Game of Thrones, kwa hiyo ambaye bado yuko njiani apite kimya kimya.

Nimefika sehemu ya 73, yaani sehemu ya 6 ya msimu wa 8, ile iliyorushwa Mei 19, 2019, na mambo manne yamenikaa kooni.

La kwanza ni Daenerys, malkia mwenye majoka, na mji mkuu wa King's Landing. Kengele zimelia, askari wametupa panga chini, mji umekwisha kusalimu amri, ndipo anaanza kuuchoma mtaa kwa mtaa. Sina ugomvi na yeye kugeuka. Naulizia aligeuka lini.

La pili ni Drogon, joka la Daenerys. Anamkuta mama yake amelala na kisu kifuani, muuaji, Jon Snow, yuko mbele yake hatua chache, halafu hasira zote anazimalizia kwenye kiti cha enzi.

La tatu, Bran Stark kupewa ufalme kwa maneno ya Tyrion, mfungwa mwenye pingu mikononi.

La nne ni la kifundi. Sehemu ya 3 ya msimu wa 8, ile vita ya usiku, kwangu ilikuwa giza tupu. Na hata hii ya mwisho, pale majivu yanapoanguka, picha inakatika viboksi viboksi. TV ndiyo mbovu au ndivyo walivyotaka?

Niwe mkweli, yapo niliyoyapenda. Daenerys anapotoka kuhutubia jeshi, Drogon anakunjua mabawa nyuma yake, na kwa sekunde moja inaonekana mabawa yameota mgongoni mwake yeye. Pia Brienne akijaza ukurasa wa marehemu Jaime kwenye kile kitabu cha walinzi wa mfalme, kisha anasubiri wino ukauke ndipo afunge.

Naomba hoja zenye namba ya msimu na sehemu ili nirudie kuangalia. "Ilikuwa takataka tu" nimeisoma ya kutosha.

Karani_wa_Citadel

Karibu matangani, mkuu. Wengine tulishaanua tangu 2019.

Kwa Daenerys mbegu zipo, tena nyingi, na huna haja ya kurudia misimu yote minane. Angalia hizi kwa mpangilio: msimu wa 1 sehemu ya 6, kaka yake anamwagiwa dhahabu iliyoyeyushwa kichwani naye anatazama bila kupepesa. Msimu wa 2 sehemu ya 4, mbele ya lango la mji wa Qarth, anatishia kuchoma miji, na kwamba wakimfungia nje ataanza na wao. Msimu wa 4 sehemu ya 4, mabwana 163 wa mji wa Meereen wanatundikwa msalabani bila kuulizwa nani alifanya nini. Msimu wa 6 sehemu ya 9 ndiyo nzito kuliko zote: anataka kuirudisha miji ya wauza watumwa kuwa vumbi, na Tyrion, mshauri wake, anamzuia kwa kumkumbusha kwamba baba yake alificha moto wa kijani chini ya King's Landing nzima. Ukimaliza, msimu wa 7 sehemu ya 5, baba na mwana wa Tarly wanachomwa kwa kukataa kupiga goti.

Ila baada ya hizo rudi msimu wa 4 sehemu ya 10, ambayo watetezi wa mwisho huu huwa wanairuka. Mfugaji anakuja na mifupa ya mtoto wake iliyoungua, na Daenerys anawashusha majoka wake wengine, Viserion na Rhaegal, shimoni na kuwafunga minyororo kwa mikono yake, huku analia. Mtoto mmoja tu. Mtu huyo ndiye anayekuja kuchoma maelfu ya watoto.

Sasa zipange zote pamoja uone kanuni yake. Kila aliyemchoma au kumuua alikuwa ama amemdhulumu, ama amekataa kupiga goti. Hajawahi kumchoma aliyekwisha kupiga goti. King's Landing walikuwa wamepiga. Kwa hiyo pale hatuoni tabia yake ya zamani imekua, tunaona anaivunja kanuni yake mwenyewe, na hilo linadai tukio linaloonyesha kwa nini. Waandishi walimpa mapigo mfululizo: vifo vya Jorah, Rhaegal na Missandei, kisha Jon, mpenzi wake, anashindwa kumpenda tena kwa namna aliyotaka, naye anaamua kwamba basi iwe hofu. Mapigo yanatosha. Kilichokosekana ni kumwona akiyameza.

Tazama tena msimu wa 8 sehemu ya 5, dakika ile ya kengele. Kamera inamkaa usoni, anapumua kwa nguvu, anaiangalia ngome nyekundu, anapaa. Baada ya hapo uso wake hatuuoni tena mpaka sehemu ya 6. Mwongozaji Miguel Sapochnik alituweka barabarani na Arya, dada yake Bran, chini ya vumbi. Kwa kutisha, ni kazi safi sana. Kwa kumwelewa Daenerys, ametunyang'anya kitu pekee tulichokihitaji.

Na kwa starehe yako: msimu wa 2 sehemu ya 10, yale maono ndani ya nyumba ya wachawi. Ukumbi wa kiti hauna paa, kitu cheupe kinaanguka, ananyoosha mkono kuelekea kiti kisha sauti ya majoka wadogo inamwita, anageuka bila kukigusa. Sehemu ya 73 ukumbi ni uleule, mkono ni uleule, safari hii anakigusa. Kukaa, hakukaa.

Mpima_Ramani

Nakubaliana na Karani, ila kiini ni hesabu. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa 7 una 7, wa 8 una 6. Watu husema sehemu za mwisho zilikuwa ndefu, na ni kweli, nne zinakaribia au kupita dakika 78, lakini ukijumlisha msimu wa 8 wote unapata takriban saa 7. Misimu ya mwanzo ilikuwa na saa 9 hivi, na haikuwa na kazi ya kufunga kila kitu.

Kilichokatwa kwanza ni safari. Msimu wa 1, msafara wa mfalme Robert unatumia mwezi mzima kutoka King's Landing hadi Winterfell, na wanalisema. Njiani ndiko watu walikokuwa wanafahamiana: Arya na Hound, Jaime na Brienne. Msimu wa 8 Jaime anaondoka Winterfell sehemu ya 4, sehemu ya 5 ameshafika kusini. Mtu akisema "ni ramani tu" haelewi hasara iko wapi. Jaime alihitaji barabara hiyo ili tuone anavyorudi kwa Cersei, dada yake na mpenzi wake. Tukapewa maneno machache kando ya farasi usiku, basi.

Cha pili ni idadi ya majeshi. Sehemu ya 3 Wadothraki, wapanda farasi wa Daenerys, wanaingia gizani na panga zinazowaka moto, na moto unazimika mmoja mmoja mpaka kimya. Hapo umeambiwa wamekwisha. Sehemu ya 4, kwenye meza ya vita, hasara imekuwa kama nusu. Sehemu ya 6 wamejaa uwanjani wanapiga kelele juu ya farasi. Ukitaka tukio la kuzima mataa liwe na uzito, lipa gharama yake baadaye.

Cha tatu, mitambo ya kurushia mikuki ya Euron, nahodha wa upande wa Cersei. Sehemu ya 4 anampiga Rhaegal mara tatu kutoka kwenye meli inayoyumba, majoka wako juu angani, na Daenerys aliye juu haoni kundi zima la meli. Sehemu ya 5, mitambo mingi zaidi, baharini na ukutani, haimgusi Drogon hata mara moja. Sababu inaonekana ukiangalia vizuri, anashuka akitokea upande wa jua, lakini hiyo ni mbinu ambayo angeweza kuitumia juzi yake. Silaha ina nguvu au haina kulingana na muswada unavyotaka nani afe leo.

Hakimu_wa_Kijiwe

Mpima, hesabu zako sina neno, ila sikubali kwamba saa zingeongezwa mwisho ungepona. Baraza lile kwenye shimo la majoka lingekuwa bovu hata wangepewa misimu kumi, kwa sababu linavunja sheria za dunia yake lenyewe kwa lenyewe. Twende taratibu.

Aliyekamata mji ni Grey Worm, kamanda wa Daenerys. Ana jeshi, ana wafungwa wawili, na malkia wake ameuawa. Anamleta Tyrion kuhukumiwa, halafu anamwachia mfungwa azungumze na kupendekeza mfalme, na mfalme huyo kazi yake ya kwanza ni kumpa mfungwa cheo cha Mkono wa Mfalme, yaani mshauri mkuu. Grey Worm analalamika sentensi moja, anajibiwa kwamba kazi yenyewe ndiyo adhabu, yamekwisha.

Warithi je? Gendry amekaa palepale. Sehemu ya 4 alihalalishwa kuwa Baratheon, mtoto wa mfalme Robert. Kwa sheria iliyoendesha tamthilia nzima tangu msimu wa 1, ambapo watu wamekufa kwa sababu watoto wa Cersei hawakuwa wa Robert, huyu ndiye mtu wa kwanza kujadiliwa. Hakuna anayemtazama. Unaweza kusema aliyemhalalisha ni Daenerys, kwa hiyo amri yake imekufa naye. Sawa, basi Gendry amekaa pale kama nani?

Jon ndiyo kabisa, maana kwa damu ni Targaryen, ukoo wa Daenerys, na mrithi halali. Rafiki yake Sam anajua yeye ni nani, Bran anajua, Sansa na Arya wanajua, Tyrion anajua. Siri iliyotumia misimu minane kuiva, iliyomvuruga malkia mpaka akachoma mji, haitajwi barazani hata kwa kukohoa. Funika kombe mwanaharamu apite, na kweli amepita, mpaka nje ya Ukuta.

Kisha Sansa, dada yake Bran, anaomba Kaskazini ijitegemee, ndugu yake anakubali kwa kutikisa kichwa. Yara Greyjoy yupo viti vichache tu kutoka pale. Msimu wa 6 sehemu ya 9 alikwenda mpaka Meereen kujadiliana na Daenerys uhuru wa visiwa vyake. Sasa mlango umefunguliwa mbele ya macho yake, amenyamaza kama maji mtungini. Dorne, waliojivunia kutopiga goti kwa karne nzima mbele ya majoka, wamemleta mwana mfalme asiye hata na jina, naye kimya.

Na adhabu ya Jon kupelekwa kwa Walinzi wa Usiku: Mfalme wa Usiku, kiongozi wa wafu, amekufa, watu wa ng'ambo ya Ukuta ni rafiki, Ukuta wenyewe una tundu. Wanalinda nini? Tyrion anasema dunia bado inahitaji mahali pa wanaharamu na waliovunjika. Maneno matamu. Lakini aliyedai adhabu ni Grey Worm, ambaye anapanda meli kwenda Naath na harudi. (Waliosoma vitabu vya George R. R. Martin wanajua Naath kuna homa ya vipepeo inayoua wageni, ila tamthilia haikuigusa, tumwombee.) Meli ikishatoweka, nani anawalazimisha?

Bran mwenyewe: Isaac Hempstead Wright, aliyemuigiza, ameshasema hadharani kwamba aliambiwa ufalme wa Bran unatoka kwa Martin. Kwa hiyo wazo sio la kulaumiwa. Lakini mtu mnayemuandaa kuwa mfalme hamumtoi kabisa msimu wa 5 mzima, sehemu zote 10, halafu msimu wa 7 sehemu ya 3 mkamfanya amwambie dada yake kwamba hawezi kuwa bwana wa kitu chochote. Kutoka hapo hadi "kwani mlifikiri nimekuja huku kwa nini" hamna daraja.

Mpima_Ramani

Hakimu, hapo kwenye Yara nimenyoosha mikono. Ila daraja unalolitaka ndilo saa ninazozisema.

Hakimu_wa_Kijiwe

Kwa Bran, sawa. Kwa Gendry na Yara ilihitajika mistari miwili ya mazungumzo, sio saa.

Fundi_wa_Weusi

Najibu la nne tu, mengine mmeyaweza.

Yote mawili ni kweli, mtoa mada. Walitaka giza, na njia iliyokuletea picha ikaliharibu. Sehemu ya 3 ilipigwa kwa usiku 55, na mpiga picha mkuu Fabian Wagner alishasema giza lilikusudiwa. Picha ya kawaida ya video ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, na kwa TV zinazotumika kweli ni kuanzia 16 hadi 235. Tukio zima likikaa kwenye ngazi chache za chini, kila kosa dogo linaonekana. Sasa ongeza kufinywa kwa video mtandaoni: programu ya kufinya inapunguza data kwanza kwenye sehemu za giza kwa dhana kwamba jicho halitaona. Ngazi nne zinakuwa moja, ndipo unapata viboksi na mistari kama ya shanga.

Majivu ni tatizo jingine kabisa. Ufinyaji unaokoa data kwa kubahatisha kwamba picha inayofuata inafanana na iliyopita. Majivu, theluji, mvua na moshi hubadilika kila nukta kwa kila picha, kwa hiyo hakuna cha kuokoa. Data ikiisha, inakata undani. Ndiyo maana uso wa Tyrion uliosimama ulikuwa safi huku anga nyuma yake linavunjika.

Cha kufanya, kwa mpangilio huu:

Zima kwanza vitu vinavyojiendesha: kihisi cha mwanga wa chumba, hali ya kuokoa umeme, kontrasti inayojibadilisha, kipunguza chenga. Hivyo vinne vinapigana na kila tukio la giza. Kisha chagua modi ya Sinema.

Pandisha mwanga kwa "mwanga wa nyuma", sio "mwangaza". Kwenye TV nyingi kitufe cha mwangaza hakiongezi mwanga, kinapandisha weusi mpaka unakuwa kijivu. Baadhi ya kampuni wameyageuza majina, kwa hiyo jaribu: ukikipandisha na mistari myeusi ya juu na chini ya filamu ikageuka kijivu, hicho ndicho cha weusi, kirudishe.

Gama, mpangilio unaoamua giza lifunguke kiasi gani: 2.4 ni ya chumba cheusi. Kama taa inawaka weka 2.2, giza linafunguka bila kuharibu mwanga wa juu.

Kama unatumia kisanduku au kompyuta kwa HDMI, angalia upana wa mwanga (kamili ni 0 hadi 255, mdogo ni 16 hadi 235) pande zote mbili ufanane. Kifaa kikituma upana kamili huku TV ikisubiri ule mdogo, kila kilicho chini ya ngazi ya 16 kinamezwa, na sehemu ya 3 karibu yote inaishi huko. Kinyume chake, picha inakuwa kama imepakwa vumbi. Hili ndilo kosa ninalolishuku kwako, kwa sababu umesema giza tupu, hukusema giza lenye uchafu.

Baada ya hapo, kama programu inaruhusu kupakua kwa ubora wa juu kabisa, pakua ndipo uangalie. Ukitiririsha, kasi ikishuka hata kidogo ubora unashuka bila kukuaga. Bora kuliko zote ni diski: mkusanyo wa misimu yote minane kwa 4K ulitoka mwaka 2020, na mpe tukio la Wadothraki uone tofauti.

Kiti_Kilichoyeyuka

Fundi, umepiga penyewe. Kisanduku kilikuwa upana kamili, TV upana mdogo. Sehemu ya 3 ina watu ndani kumbe!

Bado Drogon. Hakuna aliyenijibu.

Karani_wa_Citadel

Kuna mambo mawili. Kutomchoma Jon kumeandaliwa: msimu wa 7 sehemu ya 5 Drogon anamsogelea, Jon anamgusa pua, Daenerys anatazama ameduwaa. Msimu wa 8 sehemu ya 1 Jon anampanda Rhaegal. Damu ya Targaryen inatambuliwa, na hata mlangoni mwa ukumbi Drogon anamnusa Jon kisha anamruhusu apite.

Kiti sasa. Wengi wanasema joka alielewa kwamba tamaa ya kiti ndiyo iliyomuua mama yake. Muswada wa sehemu hiyo, uliowekwa hadharani mwaka huohuo wa 2019, hausemi hivyo. Unasema Drogon anataka kuiunguza dunia lakini hataki kumuua Jon, na kiti kilikuwa njiani tu, kikaungua pamoja na ukuta. Ni ufafanuzi mzuri kuliko joka mwanafalsafa. Tatizo ni kwamba kamera inakitazama kiti kikichuruzika kwa muda mrefu, mipini ya panga ikilainika mmoja mmoja, kana kwamba ndicho kilicholengwa. Wameandika bahati mbaya, wamepiga picha ya hukumu. Watayarishaji wakuu Benioff na Weiss waliandika na kuongoza sehemu hii wenyewe, kwa hiyo hapa hakuna wa kumsukumia.

Hakimu_wa_Kijiwe

Na chupa za plastiki za maji zilizosahauliwa chini ya viti barazani nazo wamsukumie nani? Moja kwa Sam, moja kwa Davos. Kile kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani sehemu ya 4 walikifuta ndani ya siku chache.

Fundi_wa_Weusi

Mtoa mada, kabla hujafunga menyu, tumia tukio lilelile kama kipimo. Jon anapanda kuelekea ukumbini, kushoto na kulia kila kitu ni kijivu, na kuna lundo la majivu mlangoni. Simamisha picha kabla lundo halijajitikisa. Ukiona mstari wa shingo ya Drogon chini ya majivu, umefika. Usipouona, punguza gama kidogo tena.